Uko Githurai 45 na wikendi haina mpango? Tembelea wafu wa Nairobi

Kama unakaa Githurai 45, kuna uwezekano mkubwa kwamba Dedan Kimathi ni jirani yako. Alinyongwa alfajiri ya Februari 18, 1957 katika Gereza la Kamiti akazikwa humo humo, mahali ambapo serikali ya mkoloni haikumwonyesha mtu yeyote. Kamiti iko kilomita chache tu kutoka hapo stejini. Unavuka Thika Road, unapita 44, unaelekea Kahawa West, na si mbali tena. Kila asubuhi ukisukumana kuingia kwenye mathree ya tao, yeye yuko upande wa pili wa barabara, chini ya udongo usio na alama.

Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mifupa hiyo kwa miongo mingi. Aliiomba marais wakibadilika, naye akizeeka. Oktoba 2019 wakfu unaobeba jina la mumewe ulitangaza kwamba kaburi limepatikana. Watu wakashangilia mitandaoni, kisha serikali ikakanusha. Mukami akafariki Mei 2023 akazikwa Njabini, Nyandarua, bila mumewe kando yake. Ukitaka kumwona Kimathi leo, nenda ukaangalie sanamu yake tao kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake. Ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kitanzi. Kaburi, bado.

Basi huyo huwezi kumtembelea. Lakini wapo wengine Nairobi na viunga vyake ambao unaweza, na nauli yake haizidi sana unayotumia kwenda kutembea madukani bila kununua kitu.

Najua unavyowaza. Makaburi si mahali pa kupeleka mtu deti. Ukimwambia mama unaenda makaburini na hakuna aliyekufa, atakuuliza umeingia dhehebu gani. Sisi tumelelewa kupita Lang'ata tukiangalia upande mwingine. Hata makanga anayepayuka njia nzima, hapo hushusha sauti kidogo.

Ila kwingine duniani hii ni matembezi ya kawaida kabisa. Paris kuna makaburi yanaitwa Père-Lachaise, yaliyofunguliwa mwaka 1804, na watalii huingia na ramani mkononi wakitafuta alipolala Chopin au Jim Morrison. Na usidhani ni mambo ya Ulaya pekee. Ifuate hii Thika Road yetu hadi Nyeri mjini, utawakuta maskauti kutoka pembe zote za dunia wakipiga saluti mbele ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wao, aliyefariki Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema "nimeenda nyumbani". Mahali hapo ni turathi ya taifa. Yaani watu wanapanda ndege kuja kuona kaburi lililo saa chache kutoka kwako, nawe hujawahi kufika lile lililo dakika 20 kutoka Pangani.

Kuna sababu ya ndani zaidi ya sisi kutoyajua makaburi ya jiji, nayo si woga wa mapepo. Ni kwamba Mkenya wa Nairobi kwa kawaida hazikwi Nairobi. Anachangiwa, jeneza linafungwa juu ya gari au ndani ya basi, msafara unaondoka usiku kuelekea ushago. Jiji ni la kutafuta, nyumbani ni pa kuzikwa. Kesi iliyoandika jambo hili kwa wino mzito ni ile ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema hapana, Mjaluo anazikwa kwao. Wakaburutana mahakamani mwili ukiwa mochari, magazeti yakauza kama mandazi moto, na mwishowe ukoo ukashinda. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Siku 154 baada ya kufa.

Kwa mtazamo huo, makaburi ya jiji yakaonekana kuwa ya wasio na kwao: mgeni, Mhindi, Mzungu, askari, maskini ambaye hakuna aliyekuja kumchukua.

Sasa jiulize wewe. Umezaliwa 45, umesoma 45, Kiswahili chako ni cha 45. Ushago unaenda Disemba, na si kila Disemba. Shamba la babu limegawanywa hadi likabaki kipande cha kujenga choo. Siku yako ikifika, watakupeleka wapi? Hilo si swali la kutisha watu, ni hesabu tu. Lang'ata, makaburi makubwa ya umma ya Nairobi, yametangazwa kujaa miaka mingi iliyopita na bado watu wanazikwa humo. Huko kuna kaburi la kudumu na kaburi la muda. La muda ni rahisi zaidi, na maana yake ni kwamba miaka ikipita, mwingine anaweza kuzikwa papo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kanju ilinunua ekari 120 kule Mavoko kwa Sh283 milioni ili kupata makaburi mapya. Ardhi ikagunduliwa kuwa ya mawe matupu, haichimbiki futi sita. Kashfa ikafika kortini, watu wakafungwa, na hadi wa leo hakuna aliyezikwa Mavoko. Kwa hiyo ukienda kutembea makaburini, unaangalia pia jambo ambalo jiji lako halijajua litalifanyaje.

Tuanze na City Park, kwa sababu ndipo rahisi kwa mtu wa Thika Road. Shuka Ngara, chukua gari za Limuru Road zinazoelekea Ruaka, mwambie makanga akuachie City Park. Ni msitu wa hekta 60 hivi katikati ya Parklands. Ukifika utapokewa na tumbili, na hao hawana adabu: ukibeba njugu, ficha. Wengi huishia hapo. Wanapiga picha na tumbili, wanakaa nyasini, wanaenda zao. Wewe ingia ndani zaidi, ulizia makaburi na bustani ya Murumbi.

Hapo wamelala marafiki wawili.

Wa kwanza ni Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927, familia yake ikiwa na asili ya Goa, India. Alikuwa mwanahabari na mpanga mikakati, mtu wa nyuma ya pazia, aliyewasaidia wapiganiaji uhuru hadi mkoloni akamfunga kizuizini kisiwani Manda, kule Lamu. Uhuru ulipokuja hakunyamaza. Alianza kuuliza ardhi inaenda kwa nani. Asubuhi ya Februari 24, 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa naye ndani ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Yeye ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo katika Kenya huru, na wale tuliofundishwa shuleni, kina Mboya na J.M., walimfuata. Mtu mmoja alifungwa kwa mauaji hayo hadi mwaka 2001, ila waliomtuma muuaji hawajawahi kutajwa.

Wa pili ni Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Alichukua kiti mwaka 1966, na kabla mwaka huo haujaisha akawa ameshajiuzulu. Hebu fikiria mwanasiasa wa Kenya anayeachia kiti cha makamu wa rais kwa hiari yake. Baadaye akajitosa kwenye sanaa, akakusanya vinyago, vitabu na vitambaa vya Afrika. Sehemu ya mkusanyo huo iko Nairobi Gallery, ile nyumba ya zamani ya mkuu wa mkoa, pale mwisho wa Kenyatta Avenue. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa alivyotaka, karibu na Pinto. Mkewe, Sheila, yuko kando yake. Kuna bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa 2009 yenye sanamu za wasanii wa Afrika Mashariki, na mwaka huo huo City Park ikawekwa kwenye orodha ya turathi za taifa, baada ya vipande vyake kuanza kumegwa na wanyakuzi.

Kwa maoni yangu hakuna darasa la historia linaloshinda kusimama hapo. Mmoja aliuawa kwa kuuliza. Mwingine akaondoka kimya, kisha akaomba kuzikwa karibu na mwenzake aliyeuawa. Hakuandika tamko lolote kwenye jiwe, na hakuna haja.

Ukitoka hapo, rudi Ngara, kisha tembea kwa miguu hadi Kariokor. Wewe unapajua kwa nyama choma na viatu vya ngozi. Lakini jina lenyewe lina makaburi ndani yake. Kariokor ni ulimi wa babu zetu ukijaribu kutamka Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Waingereza walipopigana na Wajerumani huku kwetu kati ya 1914 na 1918, hakukuwa na malori wala reli ya kutosha. Mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Vijana wa rika lako waliswagwa kutoka vijijini, wakatembea hadi Tanganyika na kwingineko wakibeba risasi, unga na maji. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na baridi. Makadirio ya wanahistoria ni karibu wachukuzi 100,000.

Makaburi yao yako wapi? Hilo ndilo swali ambalo mtalii wa makaburi Nairobi lazima alikute.

Nenda Ngong Road, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kwenye makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Gari za 111 zinapita hapo. Ni mahali patulivu ajabu, nyasi zimekatwa, kila mtu na alama yake, na kila alama ukubwa mmoja, awe jenerali au kuruta. Walioko hapo ni wa Vita vya Pili, karibu 2,000, na miongoni mwao utasoma majina ya askari Waafrika wa King's African Rifles. Makaburi haya hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo msimamo wake tangu mwanzo ni kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina na kwa usawa.

Sasa, Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba usawa huo haukufika kwetu. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu? Wakubwa wa enzi hiyo waliona kwamba Mwafrika hangejua thamani ya jiwe la kaburi. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Na Mfalme Charles alipokuja Kenya, Novemba 2023, alipelekwa kuweka shada la maua Kariokor. Ndiyo, Kariokor hapo, kwenye makaburi ya vita ambayo huenda umeyapita mara mia ukienda kula nyama.

Pita pia Kenyatta Avenue uangalie zile sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928. Watu hupigia picha hapo bila kujua ni za nani. Angalia vizuri: mmoja wa wale watatu hana bunduki. Ni mchukuzi. Kwa wengi wao, kaburi ni hilo.

Kariokor ina jambo lingine. Hapo ndipo ulipo mchomeo wa maiti wa Wahindu, na hapo ndipo mwili wa Wangari Maathai ulichomwa Oktoba 2011. Aliacha agizo asizikwe katika sanduku la mbao. Mwanamke aliyepigania miti maisha yake yote hangekubali mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake likaundwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Wakati huo wazee wengi walinung'unika kuhusu kuchomwa. Leo barabara inayotoka Pangani kwenda Museum Hill ina jina lake, na majivu yake yako kwenye taasisi yenye jina lake kule Kabete.

Kama umechoka na jiji, geuza gari uelekee Thika, kisha ushike ya Garissa hadi Kilimambogo. Ol Donyo Sabuk ni mbuga, kwa hiyo kuna ada ya kuingia na unalipa kwa eCitizen. Kwenye mteremko, kabla ya kufika kileleni, amelala William Northrup McMillan, bwanyenye kutoka Marekani aliyekuwa na shamba kubwa la Juja. Ndiyo, Juja ya wanachuo. Alifariki 1925 akiwa ameagiza azikwe kileleni, lakini inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mlima, na jamaa alikuwa mzito, wakaamua hapo hapo panatosha. Yuko na mkewe, Lucie, mtumishi wao, na mbwa. Lucie ndiye aliyejenga Maktaba ya McMillan pale tao kwa kumbukumbu ya mumewe. Ilifunguliwa 1931, na wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Usipande mlima peke yako kwa miguu. Ulizia askari wa wanyamapori langoni. Kilima kinaitwa Kilimambogo kwa sababu, na mbogo hawasomi mabango.

Mandhari ya juu ni tamu, sitakudanganya. Lakini ukiwa umesimama hapo, fanya hesabu. Mbwa wa tajiri ana kaburi linalojulikana na watalii wanalipa kuliona. Kimathi hana.

Maneno machache ya adabu, maana najua simu zenu. Ukikuta watu wanazika, weka simu mfukoni na upite mbali. Usikanyage makaburi wala kukaa juu yake ili upate pembe nzuri ya picha. Kwenye makaburi ya Waislamu, uliza kwanza kama unaweza kuingia. Jifunike ipasavyo, na ukiambiwa la, ni la. Mtafute mtunza makaburi. Huyo ndiye maktaba halisi, na mpe kitu cha chai. Nendeni wawili au watatu, mchana, na City Park msikawie hadi giza. Hilo ni la usalama, si la mizimu. Beba maji, na karatasi ya kuandika majina.

Na kabla hujapanda gari, mpigie shosho simu. Muulize kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyechukuliwa Kariokor, au aliyeenda Burma na King's African Rifles, akakosa kurudi. Nyumba nyingi zina huyo mtu, hutajwa siku za matanga tu. Andika jina lake, la baba yake na kijiji. Kisha litafute kwenye orodha ya majina iliyo katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita, ni bure. Ukilipata, sasa una kaburi la kutembelea Jumamosi hii, au angalau ukuta wenye jina. Usipolipata, waandikie. Tangu ripoti ile wanatafuta majina yaliyokosekana, na la babu yenu hawawezi kulijua lisipotoka kwa shosho.